Kabla ya Kuchagua Seksio, Tufanye Hesabu

Mahubiri ya redio kwa wazazi na vijana
Masomo: Luka 14:28-30, Danieli 1:3-20

 

Ninawasalimu ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio sokoni na redio ndogo kando ya biashara, na ninyi mlio njiani. Namsalimu pia mwanafunzi aliyemaliza kalasi ya nane mwaka huu, ambaye jioni hii hajui bado ataandikwa wapi mwezi wa tisa. Leo neno ni lako, na ni la baba na mama yako.

Fungueni Biblia zenu katika Luka, sura ya 14, kuanzia mstari wa 28. Hapo Bwana wetu anasimulia juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Anauliza: mtu huyo hataketi chini kwanza, apige hesabu ya gharama, aone kama anacho cha kumalizia? Maana akiweka msingi na kushindwa kumaliza, wapita njia watamcheka. Najua kwamba Yesu alikuwa anasema juu ya kumfuata yeye, na neno hilo halibadiliki. Lakini angalieni mfano alioutumia. Alitumia mfano wa hesabu. Hakumsifu mtu aliyeanza kwa furaha na kelele, alimsifu aliyeketi akahesabu mapema.

Basi leo nataka tuketi pamoja na kuhesabu juu ya jambo moja: seksio ambayo mtoto wako ataingia, na zaidi ile seksio inayoogopwa sana, ya hesabu na fizikia, tunayoiita Math-Physique.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu mhubiri asiyekiri hana haki ya kuonya wengine.

Kifungua mimba wangu alipomaliza kalasi ya nane, mwalimu wake wa hesabu alipanda mlima wetu kwa miguu, akaja nyumbani. Tulimpa kiti na chai. Akasema: "Baba mchungaji, kijana wako anaona hesabu upesi. Umuweke Math-Physique." Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi barabarani. Niliporudi nikamwambia mama watoto: "Seksio ile inakula pointi za watoto. Mtoto wa mchungaji akipata asilimia 51, watu watasema nini?" Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Nilihesabu aibu yangu, sikuhesabu njia ya mtoto. Nikamwandikisha katika seksio nyingine. Sitaitaja kwa jina, maana ni seksio nzuri kwa yule anayeitwa humo. Yeye hakuitwa humo. Mimi ndiye niliyemsukuma.

Miaka ikapita. Akafika mwaka wa mwisho, akawa finalisti. Tukakesha. Wanafunzi walileta kalamu zao mbele ya madhabahu, nikazipaka mafuta, kanisa likasema amina. Matokeo yakatoka: asilimia 71! Mnajua inavyokuwa kwetu siku ile. Poda kichwani, nyimbo barabarani, mama wa kwaya wanacheza hadi viatu vinakatika. Mimi nilitangaza ile asilimia kwenye mimbari Jumapili mbili mfululizo.

Kisha kijana akaniambia kile alichokuwa anakificha kwa miaka minne: anataka Politekniki, awe injinia wa umeme. Tangu utoto alikuwa anafungua redio zetu zilizokufa na kuzifufua. Nikasema: "Kwa asilimia 71, nani atakukataa?" Tukakusanya nauli. Akaenda kufanya jaribio la kuingia. Alitoka kabla ya saa kuisha. Alipofika nyumbani hakulia. Aliketi mlangoni, akafungua viatu, akaniambia: "Baba, maswali mengine sikujua hata zile alama zinaitwaje. Wenzangu walikuwa wanaandika, mimi nilikuwa naangalia karatasi."

Niliposikia hivyo nikataka kutangaza funga ya siku tatu. Akaniambia kwa heshima: "Baba, tuombe, ndiyo. Lakini uniruhusu niende pia kwa yule mwalimu."

Wapendwa, yule mwalimu ni yule yule aliyekunywa chai yetu. Kijana wangu alisoma kwake mwaka mzima, jioni kwa jioni, akiwa na diploma mfukoni, pamoja na watoto waliokuwa nyuma yake kwa miaka mitatu. Mwaka uliofuata alirudi kwenye jaribio, akaingia, lakini kwa informatika, mahali ambapo nafasi zilibaki. Anaendelea vizuri, Mungu asifiwe. Lakini kila likizo akifika, bado anafungua redio. Na mimi nikimwona hivyo ninajua gharama niliyokataa kuhesabu ililipwa na nani.

Sasa tuongee wazi, ili mzazi ambaye hakusoma aelewe.

Katika inchi yetu mtoto anasoma miaka sita ya shule ya msingi, kisha kalasi ya saba na ya nane, kisha miaka minne ya sekondari ya juu. Pale kwenye mlango wa ile miaka minne ndipo anachagua seksio. Mwishoni kuna mtihani wa Serikali, Exetat, ambao ulianza mwaka 1967. Mtoto anaandika insha, anafanya mitihani ya utangulizi, halafu zinakuja zile siku nne za maswali: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya seksio yake. Akipata asilimia 50 anapewa diploma. Diploma hiyo ina thamani katika inchi yote.

Lakini sikieni vizuri: diploma inasema umemaliza sekondari. Haisemi umejifunza yale ambayo kila fakulte inahitaji. Vyuo vikuu vingine huangalia asilimia, vingine huweka jaribio la kuingia, vingine huangalia vyote viwili na kuuliza pia umetoka seksio gani. Katika Chuo Kikuu cha Kinshasa, wanaotaka Politekniki walizoea kupita kwanza katika mwaka wa matayarisho, na mwaka huo ni hesabu na fizikia asubuhi hadi jioni. Mahali pale mtoto mwenye asilimia 58 kutoka Math-Physique iliyofundishwa vizuri anaweza kusimama, na yule wa asilimia 71 aliyetoka kwingine akaanguka. Nimeliona jambo hili nyumbani kwangu.

Mzazi anauliza: hiyo hesabu ya juu ni kitu gani? Mtoto wangu anajua kujumlisha na kugawanya, haitoshi?

Nikupe mfano wa soko. Mama mmoja anauza mafungu ya sambaza. Akiweka bei ya franka 1000, anauza mafungu 40 kwa siku. Ameona kwamba kila akiongeza franka 100, anapoteza wanunuzi wa mafungu mawili. Je, aweke bei gani ili apate pesa nyingi zaidi? Kwa 1000 anaingiza 40,000. Kwa 1400 anauza mafungu 32, anaingiza 44,800. Kwa 1500 anauza 30, anaingiza 45,000. Kwa 1600 anauza 28, anarudi kwenye 44,800. Kwa hiyo bei yake ni 1500. Mama huyo atajua hivyo baada ya kujaribu wiki kadhaa, na siku zingine atapoteza. Mwanafunzi wa Math-Physique anaandika jambo hilo kama fonksio, anatafuta deriva yake, na kwa mistari mitatu anaona 1500 bila kumpoteza mnunuzi hata mmoja.

Hiyo ndiyo kazi ya hesabu ya juu. Inatafuta mahali pa juu kabisa na mahali pa chini kabisa, inaonyesha namna kitu kinavyobadilika, inapima mlima bila kuupanda. Fonksio, trigonometria, logaritimu, deriva, integrale: haya si majina ya kutisha watoto. Injinia anayajua ili nguzo ya daraja isivunjike. Mtu wa umeme anayatumia ili transfoma isiungue. Mtu wa informatika na wa uchumi anayahitaji, na hata daktari anayepima dawa inavyopungua mwilini anayakuta njiani. Na hayajifunzwi kwa mwezi mmoja. Yanapandana kama matofali. Asiyejua la mwaka wa kwanza hataelewa la mwaka wa pili. Ndiyo maana ninasema mtoto anayetaka kwenda huko aamue mapema. Mnara wa namna hii haujengwi kuanzia juu.

Sasa kuna ndugu ataniambia: "Mchungaji, hayo ni mambo ya dunia. Sisi tuna Roho Mtakatifu." Amina, tunaye. Basi tufungue Danieli sura ya 1.

Danieli na wenzake watatu walipelekwa mateka Babeli. Mfalme aliagiza wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo, na masomo yao yaliwekewa miaka mitatu. Biblia inatuambia walikataa chakula cha mfalme. Je, umesoma mahali wanapokataa masomo? Hakuna. Walijitenga na unajisi, wakakaa darasani. Mstari wa 17 unasema Mungu ndiye aliyewapa maarifa na ujuzi katika elimu yote. Na mwisho wa miaka ile waliletwa mbele ya mfalme, akawahoji yeye mwenyewe, akawaona wanapita wengine wote mara kumi.

Angalieni utaratibu. Mungu alitoa maarifa, lakini aliyatoa ndani ya miaka mitatu ya masomo. Hakuyamwaga usiku wa kuamkia mahojiano. Na mfalme hakuuliza: "Nani amekuombea?" Aliuliza maswali ya elimu, nao wakajibu. Maombi ya Danieli yalionekana kwenye majibu yake.

Ndiyo sababu nataka niseme juu ya zile kalamu. Mimi mwenyewe nimezipaka mafuta miaka mingi, na sijutii kumwombea mtoto yeyote. Nitaendelea kuwaombea. Lakini ninajutia kwamba niliwafanya wengine waamini kuwa kalamu itaandika kile ambacho kichwa hakijajifunza. Roho Mtakatifu anakumbusha, na mtu hukumbushwa kile alichosikia. Kama hukufungua daftari mwaka mzima, unataka akukumbushe nini?

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo ninyi mnalijua na mimi ninalijua. Ni ile michango inayokusanywa kabla ya mtihani, eti kwa ajili ya kupata majibu. Kuna mzazi mwamini, anatoa fungu la kumi Jumapili, na Jumatatu anatoa ule mchango. Ndugu, huo ni wizi, na ni uongo juu ya mtoto wako mwenyewe. Unamwambia: "Sikuamini kwamba unaweza." Hata kama diploma itapatikana, siku ya jaribio la chuo kikuu ataketi peke yake na karatasi, na hakuna atakayemnong'oneza. Akiingia kwa ujanja hapo pia, mwaka wa kwanza utamrudisha. Na akipita hata hapo, siku moja atajenga nyumba na itaangukia watu. Dhambi hiyo ina hesabu ndefu.

Wapendwa, imani na elimu hazigombani katika kanisa letu. Mnamjua Daktari Denis Mukwege, mwana wa Bukavu. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste. Yeye mwenyewe amesimulia namna alivyomfuata baba yake, akiwa mtoto, kwenda kuombea wagonjwa, akaona kwamba baba anaomba lakini hatoi dawa kwa kuwa si mganga. Hapo mtoto akaamua: baba ataomba, na mimi nitatibu. Hakumdharau baba. Alitaka mikono yote miwili ifanye kazi.

Na angalieni njia yake. Alipata diploma mwaka 1974, katika biolojia na kemia, kwenye Institut Bwindi hapa Bukavu. Akaenda Kinshasa, akakaa miaka miwili katika Politekniki. Halafu mwaka 1976 akaingia masomo ya uganga Burundi. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, ambayo ni ya kanisa la CEPAC, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Miaka miwili katika Politekniki haikumzuia, lakini alipofika kwenye mlango wa uganga alikuwa amebeba masomo ya sayansi tangu sekondari. Mtu anaweza kugeuza njia kama ana msingi. Wazee wetu walilielewa jambo hili, ndiyo maana mwaka 1991 kanisa lilianzisha hapa Bukavu Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, tunachokiita UEA. Hawakuona dhambi katika maabara.

Je, ninasema kila mtoto aende Math-Physique? Hapana! Hilo lingekuwa kosa lile lile niliposukuma wangu, ila kwa upande mwingine. Mwili una viungo vingi. Anayeitwa uganga, biolojia na kemia ndiyo njia yake ya karibu. Anayeitwa kufundisha, tunamhitaji sana, maana bila mwalimu hakuna hata injinia mmoja. Anayependa kazi ya mikono, shule za ufundi zipo. Ninachosema ni hiki: mzazi usichague kwa woga, wala kwa kiburi, wala kwa kufuata jirani. Keti, hesabu. Nakupa maswali manne ya kuhesabu nayo.

Swali la kwanza: mtoto anataka kuelekea wapi? Muulize yeye, na umsikilize hadi mwisho. Usimjibu kabla hajamaliza. Asipojua bado, muulize anapenda kufanya nini wakati hakuna anayemtuma. Na kama hajui lakini hesabu anaziweza, ukumbuke hili: aliyesoma hesabu ya juu anaweza baadaye kuhamia masomo mengi, lakini asiyeisoma ni vigumu kuhamia kwenye hesabu.

Swali la pili: buletini zake zinasema nini? Zitoe zote, za kalasi ya saba na ya nane. Usiangalie jumla tu, angalia mstari wa hesabu. Kisha umwendee mwalimu wake wa hesabu, umuulize: huyu anaelewa, au anakariri? Mwalimu atakuambia ukweli. Na akija nyumbani kwako bila kuitwa, usimpe chai tu. Mpe masikio.

Swali la tatu: shule ile ina mwalimu? Jambo hili wazazi wengi hawaliulizi. Shule inaweza kuwa na Math-Physique kwenye ubao wa mlangoni, na ndani mwalimu wa fizikia anafika mara moja kwa juma. Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakuonyeshe madaftari yao. Daftari halidanganyi. Kama mwezi wa tano daftari la hesabu limeishia nusu ya programu, wewe umeona. Ni heri shule isiyo na ukuta mzuri lakini yenye mwalimu anayefika.

Swali la nne: nyumbani tuko tayari kulipa nini? Sisemi pesa za shule tu, ingawa hizo nazo zihesabiwe, maana bure ya tangu 2019 ni ya shule ya msingi, sekondari bado inalipwa. Ninasema wakati. Hesabu inataka mazoezi ya kila siku, saa moja au mbili, kalamu mkononi. Umeme ukikatika, mtoto anahitaji taa. Kama unamtuma maji mara nne, dukani mara tatu, na kwenye mazoezi ya kwaya kila jioni, umemwandikisha Math-Physique kwa jina tu.

Na hapo nafika kwa mabinti zetu.

Nimesikia kanisani, tena kutoka kwa mama waombaji, maneno haya: "Math-Physique si ya wasichana. Atazeeka kwenye mabuku." Mama zangu, ninawaheshimu, mmenilea. Lakini nionyesheni mstari unaosema hivyo. Katika Hesabu sura ya 27 mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wazee wote, wakadai sehemu yao ya urithi. Musa akapeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema mabinti hao wana haki. Binti anayeelewa hesabu naye anadai urithi ambao Mungu ameuweka ndani yake. Mara nyingi msichana hashindwi na hesabu. Anashindwa na karai, na sufuria, na mdogo wake mgongoni, wakati kaka yake yuko mezani na daftari.

Nasema hivi kwa sababu jambo liko nyumbani kwangu. Binti yangu wa pili amemaliza kalasi ya nane mwaka huu. Katika hesabu ana pointi 41 kwa 50. Mvua za mwaka jana zilipoteremsha nyumba mbili kwenye mlima wetu, alisimama pale siku nzima akiangalia udongo. Jioni akaniuliza: "Baba, kwa nini zile mbili zimeanguka na ile ya katikati imebaki?" Sikuwa na jibu. Akasema: "Nataka kujua."

Safari hii tuliketi. Mama mchungaji, binti, na mimi, buletini zote mezani. Shule ya karibu haina mwalimu wa kudumu wa fizikia. Shule yenye mwalimu iko mbali, na ada yake inapita uwezo wetu kwa kiasi kinachotuumiza. Tulihesabu mara mbili, jibu likawa lile lile. Mama akanyamaza, kisha akasema: "Tutapunguza nyama, na ile suti yako mpya ya kusanyiko ingoje." Ndugu, suti imengoja. Jumatatu ninakwenda kumwandikisha.

Je, nina hakika atapata asilimia kubwa? Sina. Inawezekana siku ya matokeo nitatangaza asilimia 55 mimbarini, na wengine watatazamana. Nimeshahesabu hiyo pia. Nitaitangaza kwa sauti ile ile.

Kwa kanisa nina ombi moja, nimelizungumza na wazee nao wamekubali. Jumba letu linakaa tupu Jumamosi baada ya saa nane. Tangu mwezi wa tisa litakuwa wazi kwa wanafunzi wa sekondari, wa dhehebu lolote, wenye madaftari ya hesabu na fizikia. Yule mwalimu niliyemsimulia amekubali kuja. Vijana wetu walio universite, wakiwa likizo, waje kusaidia. Kifungua mimba wangu ameahidi kuwa wa kwanza. Mama mwenye taa ya jua alete taa. Tutaanza kwa maombi mafupi, tutamaliza kwa maombi mafupi, na katikati tutafanya mazoezi. Na zile kalamu, mzilete mwezi wa tisa. Nitaziombea mwanzoni mwa mwaka, ili ziandike mwaka mzima.

Kijana unayenisikiliza, pengine baba yako hasikilizi redio hii. Pengine huna baba. Chukua daftari lako la hesabu usiku huu, urudie zoezi lile lililokushinda. Ukishindwa tena, kesho muulize mwenzako, keshokutwa mwalimu. Aliyewapa Danieli na wenzake ujuzi, akiwa nao ugenini, bila wazazi wao karibu, hajabadilika.

Tuombe.

Baba yetu uliye mbinguni, wewe uliyempa Nuhu vipimo vya safina, mikono 300 urefu, 50 upana na 30 kwenda juu, unajua kupima. Utusamehe sisi wazazi tuliochagua kwa woga na kwa kutafuta sifa. Uwape watoto wetu akili ya kuelewa na uvumilivu wa kurudia. Uwakumbuke walimu wanaofundisha bila mshahara wa kutosha, uwape nguvu na uwafungulie njia. Uwalinde watoto na majibu ya kununuliwa. Na yule ambaye amechelewa, ambaye diploma yake haikumfungulia mlango alioutaka, umwonyeshe kwamba kwako bado kuna njia, hata kama ni ndefu. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki. Tuonane Jumamosi, saa nane. Mje na daftari.